Rangi ya Moto

Jumanne, 4 Machi

Wifi amehamia leo. Kaja na masanduku mawili, godoro, cherehani na mdomo wake. Mvua ya kwanza ya msimu ilianza kumwagika mzigo wa mwisho ulipovuka kizingiti, nikajua hata mbingu zimepata habari.

Naandika humu kwa sababu ukuta kati ya chumba changu na chake ni mwembamba. Nikisema ninayoyawaza, yatafika upande wa pili kabla sijamaliza sentensi. Nyumba waliachiwa na wazazi wao, yeye na marehemu mume wangu. Mimi niliingia humu kama mke, na sasa mume hayupo, wala hatukujaliwa mtoto. Kwa hiyo Wifi anaponiambia, "Karibu ukae, wifi, jisikie nyumbani," katika sebule niliyoipiga deki tangu nikiwa bibi harusi, anajua vizuri anachokifanya.

Yeye ananiita wifi, mimi namwita wifi. Mtu akisikiliza kutoka nje ya dirisha hawezi kujua nani anamchukia nani zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Ameondoa kiti cha marehemu sebuleni, eti kinabana njia. Kiko chumbani kwake, kinabeba nguo zake chafu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Leo ni redio. Kaichukua wakati nimeenda kazini, na nikirudi naisikia inaimba nyuma ya mlango wake. Nilipogonga akaniambia, "Si unachoka na kazi, wifi? Nimekupunguzia kelele." Nikamshukuru. Nimejikaza kisabuni mpaka taya zinauma.

Jumanne, 11 Machi

Kila Jumanne barabara yetu hupitwa na mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Watu wote wanamwita Kilo, kwa sababu ndilo neno pekee analolipigia kelele. "Kilo! Kilo! Chuma kwa kilo!"

Leo nilitoka kwa dobi mapema. Hapo ndipo nafanya kazi, nafua na kunyoosha nguo za watu, na wakati wa mvua tunazidiwa kwa sababu hakuna kinachokauka. Nikapitia mlango wa nyuma. Nikawakuta Kilo na Wifi barazani, mmoja huku, mmoja kule, wamelinyanyua jiko la gesi la marehemu.

"Liweke chini," nikasema.

"Wifi, umeshtuka bure," akasema, na jiko bado liko mikononi mwake. "Hili limekufa. Angalia kutu hii. Nataka niweke cherehani hapa, chumbani kwangu hakuna mwanga."

"Nimesema liweke chini."

"Kina mama," akasema Kilo, "mkono unaniuma."

Wakaliweka. Nikaenda nikafunika mfuniko wake na kukaa juu, na koti langu la mvua likichuruzika, mpaka Kilo akaona aibu akaondoka na mkokoteni mtupu.

Niandike ukweli kuhusu jiko hili, maana humu hakuna wa kunisuta. Marehemu alilinunua likiwa limeshatumika, kutoka hoteli moja iliyofungwa. Ni jiko la kuchomea nyama, lenye mfuniko mkubwa wa kufunga kama sanduku, mabomba matatu ya moto ndani, na magurudumu ambayo moja halipo na mahali pake pana tofali. Kila Jumamosi alisimama mbele yake na kitambaa begani, akipiga mluzi, akigeuza nyama. Na kila Jumapili mimi nilifua mapazia ya nyumba nzima kwa sababu ya moshi. Sikulipenda hata siku moja. Nilimwambia hivyo, na yeye akacheka.

Leo nililikalia kwa sababu nimeelewa mpango. Kimeanza kiti, ikafuata redio, sasa jiko. Wifi anamtoa mume wangu nyumbani kipande kwa kipande. Likishatoka jiko, kinachofuata kutoka ni mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemwita Mjomba atuamue. Ni mjomba wao, ndugu ya mama yao, na ndiye mkubwa aliyebaki upande huo. Alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu, akala, akaongezewa, akafuta mdomo, ndipo akauliza tuna tatizo gani.

Wifi aliongea kwanza, kwa sauti laini iliyopakwa asali. Mimi nikafuata. Mjomba akasikiliza macho yakiwa yamefumba.

"Jiko linawaka?" akauliza.

"Haliwaki," akasema Wifi.

"Litawaka," nikasema.

"Basi hivi. Mvua zikiisha, jiko liwe linapika. Likipika, baraza ni la jiko, na wewe binti yangu utashona sebuleni. Lisipopika, Kilo alichukue, baraza liwe la cherehani. Na nyie msinipigie simu tena kwa ajili ya mabati."

Aliponiaga alinishika mkono akaniambia polepole, "Mkwe wangu, hata mimi ile nyama naikumbuka."

Wifi alisikia. Amekuwa akifunga milango kwa nguvu tangu hapo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kilo kapita, kachungulia. "Bado, mama?" Bado.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeanza. Nimefungua kila kitu kinachofunguka, nikakipanga sakafuni juu ya gunia. Wavu wa kuwekea nyama nimeuloweka kwenye sabuni ya kukata mafuta, ile tunayotumia kwa dobi kwenye kola za mafundi wa magari. Maji yamegeuka rangi ya kahawa mara moja. Ndani ya bomba la katikati nyigu wamejenga nyumba ya udongo, ndiyo maana gesi haikupita upande huo. Nimeitoa kwa waya, kisha nikazibua tundu mojamoja kwa pini ya kufungia nepi.

Wifi alikuja na kikombe chake cha chai akasimama mlangoni.

"Unajisumbua, wifi."

"Mikono ni yangu, wifi."

"Ukiumia usiseme nilikuwepo."

"Nikiumia nitajua kwa nini ulikuwepo."

Akacheka kidogo, akaingia ndani. Anacheka kama marehemu, kwa pua. Hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 25 Machi

Nimebadilisha mpira wa gesi, nikaupaka povu la sabuni kutafuta panapovuja. Hapavuji. Nikawasha. Mabomba yote matatu yamewaka bluu, sawasawa, bila kuruka. Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Kilo alikuwa getini wakati huohuo. "Bado, mama?"

"Rangi tu ndiyo bado!" nikamjibu, kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa chumbani akijifanya anashona.

Maana bila rangi hakuna kitu. Mfuniko na mwili wote wa nje umebanduka rangi, na kutu imeshaanza kula. Nikiacha hivyo, msimu ujao wa mvua utalimaliza. Nimeukwangua kwa brashi ya waya, nikausugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kinachotakiwa ni ile rangi isiyoogopa joto. Marehemu alikuwa akiiita rangi ya moto, na kila msimu alisema ataipaka.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kwa dobi tumezidiwa, na duka la rangi hufungwa kabla sijatoka. Na chuma kilichokwanguliwa hakikai hivihivi kwenye unyevu huu. Asubuhi nimekuta vidoa vya kutu mpya, vidogo, vinachungulia.

Wifi alikuwa anakwenda kununua uzi. Nikameza kiburi changu, kikapita kwa shida.

"Wifi, ukipita duka la rangi, niletee rangi ya moto."

Alisimama. Alikuwa ameshafungua mwavuli, akaufunga tena.

"Ya moto?"

"Ya moto. Kwa ajili ya jiko."

Nilisubiri kijembe. Hakikuja. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akinitazama, akasema, "Sawa, wifi," akaenda. Mtu kama huyu akinyamaza ujue kuna jambo. Nimeficha mpira wa gesi chini ya kitanda changu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimerudi kazini nikakuta jiko ni jekundu.

Lote. Mfuniko nje na ndani, miguu, rafu ya pembeni, mpaka swichi za kuwashia. Jekundu kama kucha za bibi harusi. Wifi amesimama kando yake na brashi mkononi, na tone la rangi kwenye paji la uso, anatabasamu.

"Nimekusaidia, wifi."

Nilitaka liwe jeusi, kama lilivyokuwa. Na nilitaka nilipake mimi, kwa mkono wangu.

"Hii ndiyo rangi ya moto?" nikauliza.

"Kuna ya moto kuliko hii? Muuzaji mwenyewe kaniambia dukani kwake hakuna iliyo ya moto zaidi."

"Mpaka ndani ya mfuniko?"

"Ili ikolee."

Kopo alikuwa ameshalitupa na lori la taka lilikuwa limeshapita. Nimezunguka jiko, nimelinusa. Linanuka rangi, basi. Nimejiambia: nyekundu ni nyekundu, lakini ikiwa ya moto itafaa, kichwa kigumu cha Wifi kimenifanyia kazi bila kujua. Nimempigia simu Mjomba aje Jumamosi. Nataka aone kwa macho yake. Nataka na Wifi aone akiona.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote.

Mjomba alifika mchana, mvua ikiwa imetulia. Nilikuwa nimenunua kuku wawili, nimewatia viungo tangu jana. Wifi alivaa gauni zuri. Nilidhani kavaa ili apendeze wakati wa kushindwa. Akatoa kiti cha marehemu chumbani kwake, akamwekea Mjomba barazani. Ni mara ya kwanza nakiona kiti hicho tangu akichukue.

"Kumbe jiko lina harusi," akasema Mjomba alipoona rangi.

Nikawasha. Bluu, sawasawa. Nikaweka kuku, nikafunga mfuniko, nikasimama mbele yake na kitambaa begani. Najua nilivyosimama. Nilisimama kama yeye.

Kwanza ilikuja harufu. Si ya nyama. Ni harufu ya plastiki inayoungua, ikapanda puani ikakaa. Nikasema rangi mpya ndivyo ilivyo, lazima iive kidogo. Kisha mfuniko ukaanza kutoa malengelenge, moja hapa, jingine pale, mpaka ukawa kama mgongo wa chura. Nikaufungua. Ndani rangi ilikuwa imelainika, inadondokea kuku kwa matone mekundu, na kila tone likigusa bomba linashika moto. Moshi mweusi ukatoka wote kwa pamoja, ukamfuata Mjomba kitini.

"Zima!" akapiga kelele, anakohoa. "Zima, utatuua!"

Nilikuwa nimeshafunga gesi lakini rangi iliendelea kuwaka yenyewe. Wifi akaja na ndoo ya maji ya mvua akaimwaga yote. Chuma kikalia. Kuku wakaogelea.

Mjomba aliendelea kukohoa.

Nikamgeukia Wifi. Nikamwambia yote, na bila kunong'ona. Kwamba amepaka rangi ya milango makusudi. Kwamba alijua. Kwamba ni nyoka, alikuja na masanduku kuninyang'anya paa, na kaka yake angekuwa hai angemrudisha alikotoka akiwa na godoro lake kichwani. Nikamwambia hakuja hata kumwona alipokuwa mgonjwa, na sasa anagawana vitu vyake kama soko la mitumba.

Wifi alisimama na ndoo tupu, gauni lote masizi.

"Ulisema rangi ya moto," akasema mwishowe.

"Ya kustahimili moto! Mtoto wa chekechea angeelewa!"

"Ulisema rangi ya moto," akarudia, akaingia ndani.

Mjomba akaufungua mwavuli wake ingawa mvua haikuwepo. "Nimeona kwa macho yangu," akaniambia. "Halipiki. Jumanne Kilo alichukue. Pole, mkwe wangu." Akaenda, bila kula. Sijawahi kumwona akitoka nyumba hii bila kula.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Hatujaonana. Hata redio hajaiwasha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini nije nilione likiondoka. Nimevaa vizuri. Nilikwishaamua kwamba mkokoteni ukitoka getini naanza kukunja nguo zangu, niende kwa dada yangu kabla sijaambiwa.

"Kilo! Kilo!"

Nikamfungulia mwenyewe. Kafika barazani, kaona malengelenge na masizi, kapiga mluzi. Kashika upande mmoja. Mimi nikashika wa pili, maana sikutaka Wifi alishike.

"Liacheni."

Alikuwa mlangoni. Macho yamevimba.

"Dada," akasema Kilo, "wewe si ndiye uliyeniita mwezi uliopita?"

"Nimesema liacheni. Haliendi."

"Mjomba ameamua," nikasema. "Baraza ni lako. Chukua ufurahi."

"Haliendi hivyo! Halijapakwa vizuri!" Akaja akaweka kiganja juu ya mfuniko, juu ya yale malengelenge. Akaongea na mimi huku akilitazama jiko. "Nilimpigia simu akiwa mgonjwa. Tulikuwa tumenuniana miaka, unajua wewe tulivyonuniana, na sikujua nianzie wapi. Nikamuuliza jiko lako bado lipo? Akacheka. Akasema, 'Lipo, dada, nikitoka kitandani nalipaka rangi ya moto. Utaliona.' Basi. Simu ikakatika. Sikupiga tena, nikasema nitapiga kesho. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Uliponituma juzi nikajua amekuambia na wewe. Nikasema basi nitampakia mimi. Nyekundu. Kama alivyotaka."

Kilo akavua kofia.

Sina hamu na Wifi. Lakini nilisimama pale nikiwa nimeshika mguu wa jiko na sikuweza kulinyanyua.

"Kwa hiyo?" nikasema.

"Kwa hiyo tulikwangue, tulipake upya. Lakini liwe jekundu. Likiwa jekundu litabaki, na Mjomba nitaongea naye mimi."

"Na likiwa jeusi?"

"Likiwa jeusi si lake, ni chuma tu. Kilo atalichukua."

Akaenda zake. Kilo akaniuliza kama kuna chuma kingine chochote ndani, maana siku yake imeharibika. Nikamwambia hakuna.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Kukwangua rangi iliyoungua ni kazi ya adhabu. Nakwangua upande wangu nikitoka kazini, yeye anakwangua upande wake nikiwa sipo. Hatusemezani. Upande wake anaacha rangi kwenye pembe. Napitia tena kote alikopita.

Jumanne, 15 Aprili

Kilo: "Bado, kina mama?" Bado.

Jumanne, 22 Aprili

Amepitia tena alikopita mkono wangu. Nimeona alama za msasa. Mjinga.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nimepata silaha.

Nilikuwa stoo natafuta gurudumu lililopotea, labda marehemu alilitupia huko. Nikainua buti lake la mvua la kulia, likawa zito. Nikaingiza mkono. Kopo la kupuliza, jipya, kizibo hakijafunguliwa. Lina picha ya bomba la moshi la gari na miali ya moto. Rangi ya kustahimili joto kali. Nyeusi.

Aliinunua. Aliificha kwenye buti, kama alivyokuwa akificha vitu vyote ambavyo ningeuliza vya nini. Rangi ya moto ndiyo hii, nyeusi tii, na nyekundu haikuwahi kumpita kichwani. Wifi hakumwelewa. Neno moja la mwisho aliloambiwa na kaka yake, nalo hakulielewa.

Nilikaa juu ya gunia la mkaa wa zamani nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikajipangia. Nitaliweka kopo juu ya cherehani yake, kimya, nitaondoka. Au nitamwita, nimwambie, "Wifi, njoo usome hapa. Soma kwa sauti." Nilijaribu maneno hayo mle stoo, kwa sauti mbalimbali. Yote yalikuwa matamu.

Nikatoka nalo mkononi, nimelificha ndani ya kanga. Wifi alikuwa barazani na mteja wake, mwanamke mmoja mnene aliyekuja kupimwa gauni. Wifi amekaa kwenye kile kiti cha marehemu. Nikasimama nyuma ya mlango kungoja mteja aondoke.

"Na hili lichuma?" akauliza mteja.

"La kaka yangu," akasema Wifi, na sindano za kubania midomoni. "Litakuwa jekundu. Aliniachia maagizo."

Maagizo. Alilisema kama mtu aliyeachiwa shamba.

Nikabaki nyuma ya mlango. Mimi nina maneno yake ya kutosha kujaza nyumba. Nina ya asubuhi, ya jioni, ya kugombana, ya kuulizana chumvi iko wapi. Yale ya hospitali ninayo yote. Yeye ana hilo moja tu, na hilo moja analivaa kila siku kama gauni la sikukuu. Nikiliweka kopo juu ya cherehani sitakuwa nimemwonyesha rangi. Nitakuwa nimemnyang'anya kaka yake mara ya pili, baada ya kifo, na safari hii ni mimi niliyekuja na masanduku kunyang'anya.

Simpendi. Niandike wazi ili nikisoma baadaye nisijidanganye. Bado ninamchukia kwa kiti, kwa redio, na kwa ile "jisikie nyumbani". Lakini nimerudisha kopo kwenye buti.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelitoa tena. Nimelirudisha tena.

Jumanne, 29 Aprili

"Kilo! Kilo!"

Nimemwahi getini kabla Wifi hajasikia. Nikampa kopo.

Akalitikisa sikioni. "Mama, hili lina mali ndani. Jipya kabisa."

"Chukua."

"Ningekuwa wewe ningelipakia lile jiko lenu."

"Kilo," nikamwambia, "wewe nunua chuma, usinifundishe nyumba."

Akalitupia kwenye mkokoteni, chini ya masufuria yaliyotoboka. Nilisimama mvuani mpaka akakata kona. Lilikuwa kopo la marehemu. Alilishika. Nililia kidogo pale getini, mvua ikanisaidia.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda duka la rangi mwenyewe, nimeomba nusu siku.

"Naomba rangi ya moto," nikasema.

Muuzaji akaweka viganja mezani. Nadhani analikumbuka ombi la Wifi. "Mama, tuelewane kabisa. Ya moto, yaani nyekundu? Au ya moto, yaani ya kustahimili moto?"

"Zote mbili."

Akakuna kichwa, akapanda ngazi, akatafuta huko juu kwenye vumbi. Alishuka na makopo ya kupuliza ambayo watu wa magari hupakia injini wanapotaka zipendeze. Nyekundu, ya joto kali.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Siku nzima ya jua, ya kwanza tangu Machi. Nimelifuta jiko kwa thina ya kuondoa mafuta, nikapuliza safu nyembamba, nikaiacha ikauke, nikapuliza nyingine. Nje tu. Ndani ya mfuniko hapana. Wifi alikuja kusema ndani pia.

"Ndani hapana."

"Kaka hakusema ndani hapana."

"Wifi. Ndani hapana."

Akakubali. Ni mara ya kwanza anakubali kitu tangu nimfahamu. Kisha akanionyesha mahali nilipoacha, chini ya mkono wa mfuniko. Ni kweli nilikuwa nimeacha.

Jumanne, 13 Mei

Nimeipika rangi. Moto mdogo, nikazima, nikaacha ipoe. Moto wa katikati, nikazima, ikapoa. Kisha moto wote. Moshi mwepesi ukatoka, nikashika roho mkononi, ukaisha. Hakuna lengelenge hata moja. Kilo kasimama getini bila kusema "bado". Kaangalia tu, kageuza mkokoteni.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha.

Mjomba amekuja, amekaa mbali kwa tahadhari, karibu na ndoo. Nimewasha, nimeweka kuku, nimefunga. Tukangoja. Harufu ikaja, ya nyama. Mjomba akavuta kiti karibu. Akala, akaongezewa, akaongezewa tena. Akasema baraza ni la jiko kama alivyoamua, na Wifi akasema cherehani itakaa kona ile ya mwanga, kuna nafasi, na Mjomba akasema hilo si juu yake mradi asipigiwe simu.

Alipoondoka, Wifi akalizunguka jiko polepole. Akapitisha kidole juu ya mfuniko uliopoa.

"Unaona, wifi? Nilikuambia. Kaka alikuwa na jicho. Wewe ungelipaka jeusi, likae hapa kama jeneza."

Jibu lilinijaa mdomoni. Buti la kulia, nilitaka kusema. Stoo. Rangi yake ilikuwa nyeusi. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Ningelipaka jeusi," nikasema. "Kaka yako ndiye aliyejua."

Akafurahi, bila hata kuficha. Akanyoosha shingo kama mtu aliyeshinda kesi, na hivyo ndivyo atakavyokaa katika nyumba hii mpaka mmoja wetu aondoke, na sitakuwa na la kumjibu. Nikamwambia sasa arudishe redio. Akaileta. Nikamwambia na kiti. Akakitoa, akakiweka kando ya jiko, akakikalia mwenyewe.

Mapazia ya nyumba nzima yananuka moshi. Kesho ni Jumapili. Sitayafua.